Shitaka la Mwalimu Theodosia

Mwalimu Theodosia alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba yangu, hapa Lizaboni, Songea, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na godoro lake limefungwa kwa kamba ya katani. Hata nauli hajalipa nikamuuliza: "Mwanangu, kabila gani?"

"Mhehe, bibi. Wa Kilolo. Shikamoo."

"Marahaba," nikasema, kisha nikaenda nikalikalia lile godoro pale pale barabarani. Bodaboda zikapita kulia na kushoto. Lori la mahindi kutoka Maposeni likapiga honi mpaka honi ikaishiwa sauti, sikuinuka.

"Mateka wa babu yangu amejileta mwenyewe," nikamwambia. "Godoro hili sasa ni mali ya ukoo wetu."

Mwingine angelia, au angemwita mjumbe. Theodosia aliweka beseni lake chini, akashika kiuno. "Bibi Mngoni, inuka taratibu. Ukikaa hapo sana utaniachia kunguni, na kunguni wa Kingoni hawajui kusoma. Nitawafundisha mpaka lini?"

Nilicheka mpaka nikadondoka kutoka kwenye godoro. Tangu siku hiyo akawa mpangaji wangu, mtani wangu, na mtu pekee mtaa mzima aliyeweza kunitukana asubuhi nikashinda nimeshiba bila chai.

Shuleni walimpa darasa la pili. Watoto walikuwa wengi hata hewa wakawa wanapokezana: wa dirishani wakivuta, wa ukutani wanasubiri zamu. Mjukuu wangu Frida alikuwa wa ukutani. Theodosia hakulalamika. Alikuwa na simu iliyopasuka kioo, ameibana kwa mpira wa kufungia noti, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho alipita nayo katikati ya madawati inarekodi sauti, anamwekea huyu mdomoni, anamwekea yule, halafu anawatumia wazazi wote kwenye grupu lao la simu.

"Wazazi wa darasa la pili, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu asalamu aleikum. Leo Saimon amesoma ukurasa mzima bila kulia. Swalehe ameacha kula chaki, tumshukuru Mungu. Frida, hebu msomee mama."

Na Frida anasoma. Mama yake, binti yangu Jane, yuko Mtwara anabangua korosho. Alikuwa akiipokea sauti ile anaweka simu juu ya meza ya kazi, wanawake wote wanaacha korosho wanasikiliza mtoto wa mwenzao anavyohangaika na neno "kipepeo". Wengine walisikilizia shambani Mpitimbi, wengine kwenye mabasi ya Madaba. Kuna baba mmoja alisikia mwanawe akihesabu mpaka mia, akaacha pombe hapo hapo, akarudia siku ya pili yake, lakini aliacha.

Theodosia hakuridhika na watoto tu. Alisema darasa si lake peke yake, ni la majumbani pia, basi akawa anawaita wazee waje kusimulia. Zamu yangu ilipofika nilivaa kitenge kipya. Niliwaambia watoto jinsi babu yangu alivyokuwa anasonga ugali, akasikia Wahehe wanakuja kuiba ng'ombe. Hakutafuta mkuki. Alitoka na mwiko, ugali wa moto umeganda juu yake, akawafukuza kutoka hapa mpaka Njombe, na kila tonge lilipodondoka pakaota kilima. Ndiyo maana njia ya kule ina vilima vingi. Watoto wakasema aaah.

Theodosia akasimama, simu mkononi inarekodi. "Watoto, huyu bibi msikilizeni kwa sikio moja. Aliyekuwa anakimbia ni babu yake. Mwiko alisahau kuuweka chini, basi. Babu yangu alimkuta amejificha ghalani, akamfunga kamba kama mbuzi, akakaa naye siku chache, halafu akamrudisha kwa mkewe kwa sababu alikuwa anakula sana."

Darasa lilipasuka. Dawati moja lilivunjika kwa kicheko, na si uongo, fundi aliitwa. Sauti ile ikatumwa kwenye grupu, wazazi wakacheka Songea nzima na Mtwara yake.

Wote isipokuwa mmoja.

Bwana Polikarp alikuwa amehamishiwa hapa kutoka Dar es Salaam, kwenye ofisi ambayo sitaitaja kwa kuwa sina wakili. Alijenga nyumba ya vigae vyekundu juu ya mtaa wetu na kutembea alitembea kama aliyemeza rula. Mtoto wake, Goodluck, alisoma na Frida. Jumapili iliyofuata mkubwa wa kazi wa Polikarp alikwenda kwao kula mchana. Wakiwa mezani, Goodluck akamuuliza, "Mjomba, wewe kabila gani?" Mkubwa akataja kabila lake. Goodluck akatafuna kidogo, akauliza, "Nyinyi mlifukuzwa kwa mwiko au kwa ufagio?"

Soda ilimtoka mkubwa puani. Polikarp akaona mkate wake umeanguka mchangani.

Sasa angalia alichofanya. Hakumfuata mwalimu. Hakuja kwangu, na mlango wangu hauna hata komeo. Alikwenda juu, ofisi ya elimu, na ile sauti ya darasani mkononi, akashitaki kwamba mwalimu wa darasa la pili anamtukana mzee mbele ya watoto na kupanda mbegu za ukabila.

Theodosia akaletewa barua ya kujieleza. Akakatazwa kuwatumia wazazi chochote. Kikao kikapangwa, si Jumatatu iliyofuata bali ya pili yake, na mkuu wa shule akamnong'oneza kwamba huko juu wameshaanza kutaja shule moja ya mpakani, mbali, ambako basi linafika likipenda. Nilimkuta uani anachambua maharage, anatupa mazima anabakiza mabovu.

"Unatupa chakula," nikamwambia.

"Bibi, leo usinitanie."

Hapo ndipo nilipompania Polikarp. Mhehe kuniambia nisimtanie! Nilihisi kama nimevuliwa nguo. "Utajieleza nini kwenye hiyo barua?" nikamuuliza.

"Kwamba ni utani. Kwamba Wahehe na Wangoni ni watani tangu zamani."

"Utani unaelezwa kwa barua? Si bora uwachoree kicheko."

"Ndiyo njia iliyopo. Niache nijieleze kistaarabu. Wale watoto nimewatoa mbali, bibi. Swalehe sasa hivi anajua kuandika jina lake. Nikiondoka katikati ya mwaka wataletewa nani? Hawataletewa mtu."

Ijumaa ile grupu likakaa kimya. Jioni Jane akapiga simu kutoka Mtwara. "Mama, mtoto wangu anaumwa? Mbona hajasoma?" Nilimwambia mtoto mzima, kuna mtu tu amekalia kinywa cha mwalimu. Nilipokata simu nilikuwa nimeshapanga kisasi, na kisasi changu hakikuhitaji panga wala mganga.

Nilimwita jirani yangu Fausta, Mngoni mwenzangu, mwanamke mpana ambaye akikaa kwenye benchi wa upande wa pili anapanda juu. Nikamwita na Zulfa, Myao muuza vitumbua. Nikawaambia: kuanzia kesho, yule mtu akitoa shikamoo, hakuna kuitikia.

"Mimi si mtani wa mtu hapo," Zulfa akasema. "Lakini marahaba ni yangu. Nampa nimtakaye."

Asubuhi Polikarp akapita na viatu vyake vya kung'aa. "Shikamoo bibi." Nikamtazama kuku. "Shikamoo bibi!" Fausta akavuta ganda la muwa kwa meno, taratibu, kama anafungua zawadi. Zulfa akageuza kitumbua. Yule mtu akasimama na shikamoo yake mkononi hana pa kuiweka. Habari ikatembea kwa bibi wote: wa bombani, wa mashine ya kusaga, wa jumuiya ndogondogo. Wiki ilipofika katikati, shikamoo zake zilikuwa zimerundikana barabarani hata bodaboda zikawa zinazikwepa. Akabadilisha njia. Njia ya pili nako kulikuwa na bibi.

Alhamisi akaja kwenye uzio wangu.

"Bibi, nimekukosea nini?"

"Wewe si mtu wa ofisi? Niandikie barua. Nitakujibu kwa dole gumba."

"Kama ni habari ya mwalimu, mimi nilikutetea wewe. Alikutukana hadharani."

"Nani alikwambia nahitaji mtetezi?"

Akashika uzio. "Bibi, haya mambo ya makabila yameua watu nchi za jirani. Yanaanza hivi hivi, na vicheko. Sitaki mwanangu ajifunze hayo darasani."

Nikaona kwamba anaamini anachosema, na hilo likaniudhi zaidi. Angekuwa mwongo ningemwelewa, ni fani yangu. "Basi futa shitaka," nikamwambia.

"Siwezi. Utaratibu umeshaanza."

"Na wangu umeshaanza pia," nikasema, nikaingia ndani. Lakini kusema kweli nilikuwa nimeishiwa. Marahaba nilikuwa nimeshamnyima, na mtu wa Dar es Salaam ukimnyima salamu anaweza kuishi bila hiyo. Jumatatu inakuja na Theodosia ameshaanza kutafuta katoni za kufungia vyombo.

Ijumaa nilikuwa nambana Frida nywele, anaruka ruka kila nikivuta.

"Bibi, kesho nyumba yao Goodluck inabarikiwa. Wamekodi viti. Babu yake anakuja, anavaa blanketi hata mchana."

"Tulia. Babu yake anatoka wapi?"

"Iringa. Goodluck anasema akipiga simu anasema 'kamwene, kamwene'."

Kitana kilinitoka mkononi. "Kamwene? Hiyo si salamu ya Kihehe? Huyo babu Mhehe?"

"Ndiyo, kama mwalimu."

Nilipiga ukelele watu wa Bombambili wakatoka nje kuangalia moto uko wapi. "Fausta! Fausta wee! Njoo! Polikarp ni wetu! Ni mali yetu tangu zamani, tumekaa tunamnyima salamu kumbe tungemnyima viti!"

Theodosia akatoka chumbani, chaki bado vidoleni. Alipoelewa, akapiga magoti mbele yangu. "Bibi, nakuomba. Huyo hakulelewa kwao, hajui. Ukimharibia sherehe ataita polisi, na Jumatatu wataongeza na hilo kwenye faili. Nitahamishwa kabla ya mchana. Niahidi hutakwenda."

"Nitakwenda kusali tu," nikamwambia.

"Bibi!"

"Si nyumba inabarikiwa? Nitasali."

Jumamosi mchana nilivaa gauni ndani nje, nikajifunga gunia kiunoni, nikajipaka majivu usoni. Fausta alivaa suruali ya marehemu mumewe ikakataa kufunga, akaiachia ifanye inavyotaka. Zulfa alikataa kugusa kitu cha mtu.

"Mimi Myao. Nikishika kiti chao nafungwa kama mwizi."

"Basi shika debe upige."

Kulikuwa na turubai, spika, watu wa ofisi na tai zao, sufuria za pilau zinatoa moshi. Padre alikuwa hajafika. Tuliingia bila hodi. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye sofa jipya, lile ambalo bado lina nailoni, nikajilaza juu yake na miguu yangu ya vumbi. Fausta aliketi juu ya mfuniko wa sufuria kubwa ya pilau, akasema hakuna mtu atakayekula mpaka mateka wahesabiwe. Koti la Polikarp lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, nikalivaa. Zulfa nje anapiga debe huku amefumba macho, eti asiwe shahidi.

Polikarp akaja, jasho linamtoka. "Bibi, nani amekualika?"

"Tangu lini mtu anaalikwa kwa mtumwa wake? Niletee maji. Ya kunawa miguu."

Wageni wengine wakaanza kucheka chini chini, wengine wakatazama sakafu. Mkubwa wake alikuwepo pia, ameshika sahani tupu. Polikarp akatoka na simu. Punde akarudi na mgambo, naye si mwingine bali Hironimus, kijana wa mtaani kwetu. Hironimus akanitazama nilivyolala na lile koti, akamtazama Fausta juu ya pilau.

"Mzee, nimkamate nani hapa?"

"Hawa! Wamevamia nyumba yangu!"

"Wewe si Mhehe, mzee?"

"Hilo linahusu nini?"

"Hawa mimi siwagusi. Wagawie kitu, watatoka." Akasogea kando, akatafuta mahali pa kuangalia vizuri.

Ndipo mlango wa chumba cha ndani ukafunguliwa, akatoka mzee mrefu, blanketi begani, fimbo mkononi. Ni Mzee Leonce, baba yake Polikarp. Debe likanyamaza lenyewe. Akatembeza macho sebuleni, akavuta pumzi kwa pua kwa nguvu.

"Nilisema harufu gani hii imenifuata mpaka ndani ya blanketi. Kumbe Wangoni!"

Uso wake ukapasuka kwa furaha. Nikaketi sawasawa. "Njoo hapa mateka, tukuone meno kama bado unafaa kuuzwa."

"Huyu mwenye majivu ndiye yule niliyemkataa zamani kwa sababu ya miguu?"

"Uliikimbia miguu hii!"

"Niliikimbia, ndiyo! Nani asingekimbia? Ilikuwa inafika nyumbani asubuhi, mwenyewe anafika mchana!"

Watu wa ofisi wakaangua kicheko na tai zao. Mara ya kwanza maishani mwangu nilifungua mdomo nikakuta mtupu. Yule mzee akanifuata, akanivua kiatu cha kushoto, akakitia chini ya blanketi. "Mateka huyu," akasema. "Sasa niambieni. Watani hawaji na hasira, lakini wewe macho yako yana hasira. Kuna nini?"

Nikamweleza yote, mbele ya watu. Darasa, Ijumaa, sauti, mwiko, barua ya kujieleza, shule ya mpakani, Jane na korosho zake. Nilieleza bila kuongeza chumvi, na ninyi mnaonijua mtaelewa hasira ilikuwa imefika wapi.

Mzee Leonce akamgeukia mwanawe. "Umemshitaki binti wa Kihehe kwa sababu amemtania Mngoni?"

"Baba, siku hizi kuna taratibu. Shuleni si mahali pa..."

"Mimi nikifa nani atanizika?"

"Baba, tusiongee hayo leo. Kuna kanisa. Ofisini tuna kamati ya mazishi."

"Kamati!" Mzee akagonga fimbo juu ya vigae. "Kamati itaingia kaburini ilale kwanza, ikatae kutoka mpaka ipewe kuku? Kamati itavaa kofia yangu iigize ninavyokoroma? Siku tuliyomzika mama yako, wewe ulikuwa kijana, umekataa kula, umekataa kusema. Akaja mtu amevaa gauni la mama yako, anatembea kama yeye, anakuita kama alivyokuwa anakuita. Unakumbuka?"

Polikarp akasema polepole, "Nilimpiga ngumi."

"Ulimpiga, akacheka, ukalia, halafu ukala. Yule alikuwa Mngoni. Alitembea kutoka mbali kuja kufanya vile."

"Baba," Polikarp akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto, "mimi miaka yote nilifikiri ni kichaa aliyepita njia."

Hata mimi kisasi kilinilegea mkononi, nikakikaza upesi. Mzee alikwishatoka nje, akaketi chini kwenye vumbi karibu na Zulfa, akasema nyumba isiyoingiwa na watani yeye hawezi kuibariki, padre akija aibariki peke yake, na yeye apelekwe stendi.

"Jumatatu nitafuta, baba," Polikarp akasema mlangoni. "Nitakwenda kwenye kikao nitafuta."

"Jumatatu mbali," nikasema. "Toa simu. Ulimshitaki kwa sauti yake, sasa tuma ya kwako. Kwenye grupu la wazazi, wote wasikie, na Mtwara isikie."

"Bibi, si tumeshaelewana?"

"Wewe na baba yako mmeelewana. Mimi bado."

Akanitazama, akamtazama mzee vumbini, akamtazama mkubwa wake. Mkubwa alikuwa amejipakulia pilau kwa pembeni, maana Fausta alishainuka kushuhudia. Polikarp akabonyeza simu. "Wazazi wenzangu wa darasa la pili, mimi baba Goodluck. Nimemshitaki mwalimu kwa jambo ambalo sikulijua. Ninalifuta. Namwomba mwalimu radhi, na bibi yake Frida..." Kutoka nje mzee akapaza sauti ili naye aingie: "Na miguu yake!" Ikatumwa hivyo hivyo.

"Shikamoo, bibi," Polikarp akasema.

"Marahaba, mtumwa wangu," nikamjibu, na bibi wote waliokuwa wanachungulia uzioni wakapiga vigelegele. Padre alipofika alikuta mimi nimevaa koti la mwenye nyumba na kiatu kimoja, akabariki bila kuuliza.

Nyumbani Theodosia hakunisalimia. Alikuwa ameisikia ile sauti. "Umesali vizuri?" akauliza, akafunga mlango wake. Jumapili alikwenda misa ya kwanza nami nikaenda ya pili. Sikujuta. Ila maharage ya siku ile niliyachambua mwenyewe.

Jumatatu kwenye kikao kulikuwa na mkuu wa shule, ofisa wa elimu na faili lake, Polikarp, mimi, na Theodosia amevaa sweta zake zote mbili. Polikarp akasimama akasema anafuta. Ofisa akakunja uso. "Faili likishafunguliwa si lako tena, bwana. Mwalimu, ulimtukana huyu bibi au hukumtukana?"

Nilitegemea aseme ile habari ya mila aliyoiandika vizuri. Akasimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Nilimtukana, mheshimiwa. Nilisema babu yake alifungwa kamba kama mbuzi. Tangu nimehamia kwake namtukana kila asubuhi, naye ananikalia godoro. Watoto wangu wanatoka kwa Wangoni, Wayao, Wamatengo, Wanyasa, wengine wazazi wao wametoka mikoa mingine. Walipotusikia walicheka, na baada ya pale walianza kuulizana makabila yao bila kuogopana. Hilo nililiona kwa macho yangu. Kama ni kosa, nihamishwe. Lakini nikibaki nitamtukana tena Ijumaa."

Ofisa akanigeukia. "Bibi, wewe ulijisikiaje?"

"Vibaya sana," nikasema. "Kwa sababu alimalizia mapema. Alikuwa na ya kusema zaidi."

Ofisa akaangalia faili muda mrefu, kwa namna ya mtu anayeficha mdomo. Kumbe naye ana kwao na watani wake. Akasema mwalimu atabaki na darasa lake, sauti za Ijumaa zitaendelea, ila mkuu wa shule azisikilize kwanza kabla hazijatumwa. Mkuu wa shule akasema hana neno, atazisikiliza, na nikaona anavyozisubiri.

Tulitoka nje. Nilitaka Theodosia anishukuru, au anitukane, chochote. Kutoka darasa la pili kelele zilikuwa zinatoka kama maji yanavyovunja ukingo. Wameachwa peke yao tangu kengele ilipolia. Alitutazama mimi na Polikarp tumesimama pamoja pale, kama anatazama vitu viwili vilivyosahauliwa kwenye mvua.

"Wazazi," akasema, "mtasikia Ijumaa." Akaingia darasani akafunga mlango. Kelele zikakatika.

Polikarp akashusha pumzi, akatoa funguo za gari. "Haya bibi, basi yameisha."

Yaliyoisha ni ya mwalimu. Nilizunguka gari lake, nikafungua mlango wa mbele, nikaketi, nikarudisha kiti nyuma mpaka nikapata raha.

"Tunaanzia sokoni," nikamwambia. "Kisha Mpitimbi, nina magunia ya mahindi kule yananisubiri."

"Bibi, mimi nina kazi ofisini saa hizi."

"Najua."

Alisimama kidogo nje na funguo zake, anatazama juu, anatazama chini. Halafu akaingia, akawasha gari.